Nadra kwa Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Homa ya Ini C

Mwezi huu tumepokea barua tatu kutoka pembe tofauti za Ziwa Victoria, na zote zinahusu kirusi kimoja. Nimeijibu ya kwanza kwa kirefu, kwa sababu majibu ya zile mbili yanaanzia humo.

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, nina umri wa miaka 58. Mwezi wa pili shemeji yangu alifanyiwa upasuaji, tukaombwa ndugu tujitokeze kuchangia damu. Baada ya wiki chache niliitwa nikaambiwa damu yangu haikutumika kwa kuwa imeonyesha homa ya ini aina ya C. Nimeshapimwa tena, na karatasi niliyopewa inasema virusi vipo na ni vya jenotaipu ya 4. Daktari ameniandikia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa mbili ndani yake, kwa wiki 12. Sasa mpwa wangu anayeishi ng'ambo ananiambia kwamba jenotaipu hiyo ni ya nadra na ni sugu, na kwamba wagonjwa wake huchomwa sindano kila wiki kwa mwaka mzima. Nishike neno la nani? Niseme pia kwamba nina vidonda vya tumbo na ninatumia omeprazoli tangu mwaka juzi, na kwamba utotoni kule Ukerewe nilichomwa sindano nyingi, za malaria na za kichocho.*
Msomaji, Kirumba

Ndugu yangu, shika neno la daktari wako, ila usimlaumu mpwa wako, maana alichokisema kuhusu sindano kilikuwa kweli kabisa hadi miaka ya karibuni. Kirusi cha homa ya ini C kilitambuliwa mwaka 1989, na kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo tiba yake ilikuwa sindano ya intaferoni pamoja na vidonge vya ribavirini. Mwenye jenotaipu ya 4 alichomwa kila wiki kwa wiki 48. Sindano hiyo ilileta homa na maumivu ya mwili kama ya malaria, wengine ilizamisha mioyo yao katika huzuni nzito, na ribavirini nayo ilipunguza damu. Pamoja na kuvumilia yote hayo, karibu nusu tu ya wagonjwa wa jenotaipu ya 4 ndio waliopona. Makala nyingi za wakati huo bado zinazunguka kwenye simu za watu, na msomaji asiyetazama mwaka wa kuandikwa huzichukua kana kwamba ni za jana.

Hilo neno "nadra" ndilo linalonikera kidogo. Virusi vya homa ya ini C vimegawanywa katika jenotaipu nane, yaani koo nane zinazotofautiana katika maandishi ya urithi wao. Ukihesabu dunia nzima, jenotaipu ya 1 ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na ya 3, kwa hiyo kitabu kilichoandikwa Ulaya au Marekani huiweka ya 4 miongoni mwa zile zisizoonekana mara kwa mara. Lakini Misri, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi wana jenotaipu ya 4, na Afrika ya Kati hadi Rwanda, jirani yetu hapo ng'ambo ya Kagera, ndiyo inayotawala. Ugonjwa ulio nadra huko London si lazima uwe nadra Kirumba. Tatizo ni kwamba majaribio mengi ya dawa yalifanyika kwa wagonjwa wa huko, na watu wa jenotaipu ya 4 walikuwa wachache ndani yake. Hapo ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba ni sugu kwa asili.

Umetaja sindano za kichocho, nami siwezi kupita hapo bila kusimama. Maji yanayotoka katika Ziwa letu pale Jinja ndiyo yanayoteremka na Mto Nile hadi Misri, na huko kando ya mto kichocho kilikuwa kero kama kilivyo kwetu Ukerewe. Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 serikali ya Misri iliwatibu wananchi wake kwa kampeni kubwa za sindano za antimoni, mtu mmoja akichomwa mara nyingi, kwa mabomba ya kioo ambayo hayakuchemshwa ipasavyo kabla ya kumgusa mwingine. Kichocho kilipungua, lakini damu ya mmoja ilikuwa imeingia kwa wengi, na kirusi kisichojulikana hata jina kikaenea vijijini. Leo kichocho kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, vile ambavyo watoto wetu hupewa shuleni, wala havina hatari hiyo. Wewe mwenyewe huenda ulipata kirusi kwenye bomba la sindano, huenda ilikuwa wembe wa kuchanjia au kutahiria. Baada ya miaka 50 swali hilo halina jibu, na tiba haibadiliki kwa sababu yake.

Sasa tuje kwenye kidonge chako. Mchanganyiko unaotolewa mara nyingi kwa wiki 12, ukiwa na dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, ni sofosbuviri miligramu 400 na velpatasviri miligramu 100. Angalia kichupa chako kama ndivyo kilivyoandikwa. Dawa hizi hazipandishi kinga ya mwili kama intaferoni ilivyokusudiwa kufanya, bali zinakishika kirusi chenyewe kazini. Ili kizaliane ndani ya ini, kirusi hunakili maandishi yake ya urithi herufi baada ya herufi kwa kutumia kimeng'enya chake maalumu. Sofosbuviri hujifanya kuwa mojawapo ya herufi hizo. Kimeng'enya kikiipokea na kuipanga, mstari hukatika papo hapo. Velpatasviri hushika protini nyingine inayohitajika katika kunakili na katika kufunga virusi vipya. Zikitumiwa peke yake peke yake, kirusi kingeweza kubadilika kidogo na kuponyoka, lakini kubadilika kwa namna inayozikwepa zote mbili kwa wakati mmoja ni vigumu mno. Hiyo ndiyo sababu ya kuchanganya, na wavuvi wataelewa: samaki anayeruka kokoro la kwanza hukutana na la pili.

Mchanganyiko huo uliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa zinazofanya kazi kwa jenotaipu zote: huo wako, au sofosbuviri pamoja na daklatasviri, au glekapreviri pamoja na pibrentasviri. Zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 hupona, na jenotaipu ya 4 haiko nyuma ya wenzake. Misri yenyewe, ikitumia zaidi sofosbuviri na daklatasviri, imetibu watu zaidi ya milioni nne, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua rasmi kwa kupiga hatua kubwa kuelekea kuutokomeza ugonjwa huu. Takribani wote walikuwa wa jenotaipu yako, inayoitwa sugu.

Omeprazoli ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko jenotaipu. Velpatasviri huyeyuka vizuri tumboni pakiwa na asidi, na omeprazoli kazi yake ni kuiondoa asidi hiyo. Ukizitumia pamoja bila mpango, sehemu ya dawa itapita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu, na wewe utaamini kwamba umekunywa dozi kamili. Mweleze daktari wako leo, wala usingoje miadi ijayo. Kama vidonda vimetulia, huenda akakuachisha kwa wiki hizo 12. Kama haiwezekani, utaratibu ni kumeza kidonge cha ini pamoja na chakula, kisha upite muda wa saa nne ndipo umeze omeprazoli, isiyozidi miligramu 20. Vile vidonge vya kutafuna vya kutuliza kiungulia, ambavyo watu hununua dukani kama pipi, navyo vitenganishwe kwa saa nne. Wengi wetu hatuvihesabu kuwa ni dawa, kwa hiyo hatuvitaji tunapoulizwa.

Wasomaji wengine wenye hali kama yako wajue kwamba rifampisini ya kifua kikuu hairuhusiwi kabisa pamoja na mchanganyiko huu, vivyo hivyo dawa za kifafa za fenitoini na kabamazepini, na kwamba amiodaroni ya moyo ikikutana na sofosbuviri inaweza kuyapunguza mapigo ya moyo kwa kiwango cha hatari. Anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri anaweza kutibiwa bila kubadilishiwa, ila figo zake zifuatiliwe kwa sababu ya tenofoviri, ambayo mara nyingi huambatana nayo; mwenye efavirenzi ni lazima abadilishiwe kwanza. Mitishamba nayo itajwe, hata ile uliyopewa na mtu unayemheshimu.

Kabla hujafungua kichupa cha kwanza, hakikisha mambo mawili yamefanyika. La kwanza ni kupimwa homa ya ini B. Virusi hivi viwili vikiishi katika ini moja, mara nyingi C humkandamiza B. Ukimwondoa C ghafla, B anaweza kuamka na kuliharibu ini kwa kasi, na wapo waliofariki kwa njia hiyo. Ukikutwa na B hutanyimwa tiba, ila utafuatiliwa kwa karibu na pengine kupewa dawa yake pia.

La pili ni kujua hali ya ini, na hapa watu wa visiwani tunahitaji jicho la pekee. Hospitali nyingi hukadiria makovu ya ini kwa hesabu ya kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Chembe zikiwa chache, hesabu husema ini limesinyaa. Lakini kichocho cha tumbo cha miaka mingi huvimbisha bandama, na bandama kubwa huzimeza chembe sahani. Kwa hiyo mtu wa Ukerewe anaweza kuonekana amefika kwenye sirosisi, yaani ini kusinyaa kwa makovu, kwa sababu ya homa ya ini C, kumbe chembe zake zimeliwa na bandama la kichocho. Mwambie daktari historia yako ya ziwani, na ombi la kufanyiwa ultrasaundi si la kujikweza; mtaalamu anayejua kichocho huona makovu yaliyozunguka mishipa ya ini, ambayo sura yake ni tofauti na ya sirosisi. Kwa bahati njema, kidonge chako hutolewa kwa wiki 12 awe mtu na sirosisi iliyotulia au asiwe nayo. Kwa wanaotumia daklatasviri kosa hilo ni ghali, kwa sababu sirosisi huwapeleka wiki 24. Na yeyote ambaye tumbo limeshajaa maji au ambaye amewahi kutapika damu asianze tiba hii kwenye kituo kidogo. Huyo ni wa hospitali ya rufaa, kama Bugando.

Vichupa kwa kawaida huwa na vidonge 28, kwa hiyo vitatu hufanya 84, na ukibakiwa na vidonge siku ya mwisho kuna siku uliruka. Uliza mapema, dirisha la dawa na kwa watu wa bima yako, kama vichupa vyote vitatu vitapatikana, maana kuanza na kimoja ukitumaini kwamba Mungu ataleta cha pili ni njia ya kukifundisha kirusi kuikwepa dawa. Najua dagaa huvuliwa wakati wa giza, nawe huenda visiwani siku hizo ukalala huko. Safiri na kichupa chenyewe, usimwage vidonge kwenye karatasi au mfuko wa rambo, kwa sababu unyevu wa mtumbwi utaviharibu. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ikishapita siku, meza cha siku mpya peke yake, usimeze viwili.

Kichwa kinaweza kuuma, mwili ukachoka kidogo. Zaidi ya hapo wengi hawaoni kitu, na hapo ndipo mtego ulipo, maana mtu akiona yuko mzima wiki ya sita hujiona amepona. Kupona kunapimwa wiki 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho: virusi visipoonekana kwenye damu siku hiyo, umepona. Usikubali kupimwa kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kirusi, badala yake. Kingamwili hubaki maishani hata baada ya kupona, na ndiyo maana hutaruhusiwa tena kuchangia damu. Namfahamu mtu aliyepona kabisa kisha maabara moja, ambayo sitaitaja, ikampima kingamwili na kumwambia ugonjwa umerudi. Alilia wiki nzima kwa kosa la kipimo.

*Daktari, nakusalimu. Ninaishi Bukoba na miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nafanya biashara Kigali, nilitibiwa homa ya ini C ya jenotaipu ya 4 kwa kidonge cha ledipasviri na sofosbuviri, wiki 12. Sikuruka hata siku moja. Mwisho wa dozi virusi havikuonekana, lakini miezi mitatu baadaye vikarudi. Watu wanasema sikumeza sawasawa. Je, kuna tiba iliyobaki?*
Mama wa watoto watatu, Bukoba

Mama, pole kwa ugonjwa na kwa maneno ya watu. Jenotaipu ya 4 nayo ina matawi mengi, yanayopewa herufi. Lile la Misri ni 4a, lakini ukanda wa Rwanda una matawi yake, na mojawapo, 4r, mara nyingi huwa na mabadiliko ya kuzaliwa nayo katika ile protini ambayo ledipasviri huilenga. Utafiti uliofanyika Rwanda kwa wagonjwa 300, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kidonge ulichopewa kiliponya 87 katika kila 100, lakini kwa wenye 4r kiliponya zaidi kidogo tu ya nusu. Karatasi ya maabara kwa kawaida huandika "4" bila herufi, kwa hiyo wewe na daktari wako hamkuwa na namna ya kujua. Inawezekana kabisa ulimeza vizuri kila siku na dawa moja kati ya zile mbili ikawa haina meno mbele ya kirusi chako.

Tiba ipo. Mchanganyiko wa dawa tatu, yaani sofosbuviri, velpatasviri na voksilapreviri, ulitengenezwa kwa watu ambao tiba ya kwanza iliwashinda. Ni kidonge kimoja kwa siku pamoja na chakula, kwa wiki 12. Ulijaribiwa Rwanda hukohuko kwa watu waliokuwa katika hali yako, na karibu wote walipona. Voksilapreviri haifai kwa ini lililokwisha kuzidiwa, hivyo hali ya ini lako itazamwe kwanza. Pale dawa ya tatu isipopatikana, njia nyingine ni sofosbuviri na velpatasviri pamoja na ribavirini kwa wiki 24. Ribavirini ni ileile ya zamani: inapunguza damu, na inaharibu mimba vibaya mno, kwa hiyo hakuna kushika ujauzito wakati wa tiba na kwa miezi kadhaa baada yake, na masharti hayo yanamhusu mume pia kama yeye ndiye anayeitumia.

Usirudie kidonge kilekile cha kwanza, hata ukikipata kwa bei nafuu. Nenda na karatasi zako zote za Kigali, hasa ile ya mwisho wa dozi na ile ya miezi mitatu baadaye, maana ndizo zitakazomwonyesha mtaalamu kwamba kirusi kilirudi, si kwamba uliambukizwa upya. Msomaji wa Kirumba naye asitishike akisoma haya: velpatasviri ni ya kizazi kilichofuata na ina nguvu zaidi kuliko ledipasviri, ila sasa anajua kwa nini kile kipimo cha wiki 12 baada ya dozi hakirukwi.

*Shikamoo daktari. Mume wangu amekutwa na homa ya ini C na anasubiri dawa. Mama mkwe amemtengea sahani, kikombe na kijiko, na ananiambia nisilale naye hadi apone. Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Tuko Sengerema.*
Mke mwenye wasiwasi

Marahaba, binti yangu. Homa ya ini C haipiti kwenye ugali, kikombe, jasho wala kukumbatiana. Inapita kwenye damu, na kwa wanandoa kuambukizana kwa tendo lenyewe ni nadra sana. Huyo mama anafanya hivyo kwa upendo, nawe usigombane naye. Pengine mumeo mwenyewe, siku mkiwa kliniki, amwombe daktari amweleze mama yake kwa sauti ya mtaalamu, maana neno la mkwe mara nyingi halisikiki hata likiwa la kweli.

Wewe pima, kwa kuwa una mimba. Kingamwili zikionekana, usihukumu bado, kwa sababu baadhi ya watu, kama watatu katika kumi, mwili huviondoa virusi wenyewe katika miezi ya mwanzo. Ni lazima ufuate kipimo cha virusi vyenyewe. Ukikutwa navyo, mtoto ana uwezekano wa kama watano katika 100 wa kuvipata, na dawa kwa kawaida husubiri hadi ujifungue na kumaliza kunyonyesha. Kunyonyesha kunaruhusiwa, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu, hapo usimame hadi zipone. Mtoto hupimwa kingamwili baada ya miezi 18, maana kabla ya hapo anaweza kuwa amebeba za mama yake tu. Homa ya ini C haina chanjo, ila ya B inayo, na mumeo akipimwa B na kukutwa hana, achanjwe.

Sahani ya mumeo irudi kabatini pamoja na nyingine. Kinachotengwa ni wembe, mashine ya kunyolea, mkasi wa kucha na mswaki, na hivyo vitengwe kwa kila mtu nyumbani, akiwemo mama mkwe.